Gari la Zamani Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ushauri mwingi wa magari unaozunguka kwenye simu zetu umetungwa kwa joto la Dar es Salaam na barabara za tambarare. Ukiuleta Mbeya, Njombe au Mafinga kama ulivyo, sehemu yake inaharibu gari. Sisi tuko juu: mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa kama 1,600, Njombe karibu 2,000. Juni na Julai alfajiri ni baridi ya kweli, kiangazi ni vumbi, masika ni tope na ukungu, na safari karibu zote zina mlima. Majibu haya ni kwa mwenye Corolla ya miaka ya tisini, Carina, Mark II, Noah za mwanzo, RAV4 ya milango mitatu au Hilux ya dizeli, anayetaka kujua afanye nini mwenyewe uani na lipi ampelekee fundi.

Gari lilichemsha, fundi akashauri tutoe termostati moja kwa moja. Nikubali?

Usikubali. Kama kuna jambo moja hapa ningependa ulishike, ni hili.

Termostati ni kilango kidogo kinachofungwa maji yakiwa ya baridi na kuanza kufunguka yakipata moto, kwenye Toyota nyingi za zamani kuanzia kama digrii 82. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuitunza hapo. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha. Asubuhi ya Julai unaweza kutoka Uyole ukafika Mwanjelwa mshale wa joto haujainuka. Kompyuta ya gari la EFI (lisilo na kabureta, petroli yake hupimwa na kompyuta) inaona injini bado ni ya baridi, basi inaendelea kumimina petroli ya ziada. Plagi zinajaa masizi, petroli inashuka kwenye kuta za silinda na kuifanya oili kuwa nyepesi, hita haitoi joto, na unyevu uliomo ndani ya injini haupati moto wa kuutoa. Mwenye gari analalamika kwamba gari "linakula mafuta", anabadilisha plagi, anabadilisha koili, na chanzo kiko kwenye kile kipande alichoambiwa akitupe.

Halafu kuna injini ambazo termostati ikifunguka huziba njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka bila kupozwa, na gari linachemsha mlimani kuliko mwanzo.

Kuipima ni rahisi. Itoe injini ikiwa ya baridi kabisa, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni. Maji ya huku huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100, lakini yanatosha kuifungua. Ikibaki imefunga, au ikiwa imeachama tangu maji ni ya baridi, nunua nyingine pamoja na mpira wake. Sufuria hiyo msipikie tena, kulanti (dawa ya rejeta) ni sumu.

Kisha tafuta kilichochemsha gari: mfuniko wa rejeta, rejeta iliyoziba kwa tope na wadudu, feni isiyozunguka, belti iliyolegea, mpira wa maji uliovimba, wota pampu inayodondosha. Fundi anayekimbilia kutoa termostati kabla ya kukagua hivi hajatafuta ugonjwa.

Mfuniko wa rejeta una umuhimu gani? Si kifuniko tu?

Una umuhimu mkubwa, hasa huku. Maji yanachemka mapema kadiri unavyopanda juu kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Mfuniko mzima huzuia shinikizo ndani ya rejeta, na kwa hilo maji yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1, ndiyo shinikizo hilo. Mpira wake ukikakamaa au springi ikilegea, maji yanachemka kwenye kiwango cha sufuria ya jikoni, na kipande kama cha kutoka Mbeya kwenda Chunya kinakuweka kando ya barabara. Nunua wenye namba ileile ya awali.

Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Subiri hadi uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuachia. Watu wameungua uso kwa haraka ya dakika kumi.

Kuna ubaya gani kutumia maji matupu?

Kutu. Maji matupu yanakula njia za ndani za injini na rejeta, na kutu hiyo ndiyo inayoziba mirija. Kulanti huzuia kutu, hupandisha kiwango cha kuchemka na huzuia kuganda. Hilo la mwisho wakazi wa Makete na wanaolala karibu na Kitulo wanalielewa wanapoamka Julai na kukuta majani meupe kwa barafu. Changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, au nunua iliyokwisha changanywa. Ukitumia yale ya dukani yanayoitwa maji ya betri, soma chupa vizuri: mengine ni tindikali, hayo yasikaribie rejeta. Usichanganye kulanti za aina tofauti, zinaweza kuganda kama uji mzito. Dharura ya njiani ni maji yoyote safi, ila ukifika nyumbani umwage yote na kujaza upya.

Nimefungua mfuniko wa oili nikakuta utando kama chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imeungua?

Inawezekana, lakini msimu wa baridi tulia kwanza. Gari linalotembea kilomita mbili tatu hadi kazini na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha unyevu, nao hukusanyika juu kabisa, chini ya mfuniko, ukachanganyika na oili. Chomoa kijiti cha oili. Kama oili ya kwenye kijiti ina rangi yake ya kawaida, maji ya rejeta hayapungui na hakuna moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto, futa utando huo, liendeshe gari safari ndefu, mathalani Mbeya hadi Makambako, kisha uangalie tena. (Na uhakikishe termostati ipo!)

Kama kijiti chenyewe kina rangi ya maziwa, maji yanapungua bila kuonekana yanapovuja, au yanatoa mapovu kwenye rejeta injini ikiunguruma, usiwashe tena. Oili yenye maji inaua bering za injini kwa muda mfupi. Hiyo ni kazi ya fundi, na hedi ipelekwe kupimwa kama imepinda kabla ya kuwekewa gasketi mpya.

Asubuhi stata inazunguka kwa uvivu, mchana gari linawaka vizuri. Ni betri?

Mara nyingi ni betri, na baridi ndiyo inayoifichua. Betri ikiwa ya baridi nguvu yake ya kusukuma stata inashuka, na saa hiyohiyo oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inahitaji nguvu zaidi. Mita ya umeme ya bei ndogo inakupa jibu. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri nzima isome karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Washa gari, pima tena: kati ya 13.8 na 14.4 altaneta inachaji vizuri. Ikibaki kwenye 12, tatizo ni altaneta au belti yake, na betri mpya utaiua bure.

Kabla ya kununua chochote safisha vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, mwagia maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, sugua, kausha, paka grisi, kisha rudisha waya wa hasi mwishoni. Angalia pia waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini. Kwenye magari ya umri huu unakuwa na kutu, na watu wanabadilisha stata nzima kwa sababu yake.

Kwa wenye dizeli za 3L na 5L: subiri taa ya hita (ile inayopasha silinda, si ya ndani ya gari) izime ndipo upige stata. Kama lazima upige mara nyingi na linatoka moshi mweupe mwingi, pima plagi za hita moja moja.

Nilipashe moto dakika ngapi kabla ya kuondoka?

Nusu dakika hadi dakika moja inatosha kwa gari la EFI, kisha ondoka polepole bila kupiga resi mpaka mshale uanze kupanda. La kabureta linaweza kuhitaji zaidi kidogo hadi lishike silensa, yaani liungurume kwa utulivu bila kukanyagwa. Kuliacha liungurume robo saa uani ni kuchoma mafuta na kuijaza nyumba moshi. Kamwe usiliwashe kwenye banda lililofungwa.

Nitumie oili gani, na nimwage kila baada ya kilomita ngapi?

Kwa injini nyingi za petroli za umri huo, 10W-30 au 10W-40 inafaa. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa ya baridi: ndogo ina maana nyepesi, inafika juu ya injini haraka. Ile 20W-50 inayopendwa kwa magari yaliyochoka inafaa zaidi Kyela, karibu na ziwa, kuliko Njombe saa kumi na moja alfajiri. Anayeshuka Kyela na kupanda Mbeya kila wiki, 10W-40 inambeba pande zote mbili.

Mwaga kila kilomita 5,000, au miezi sita hata kama kilomita hazijafika, na ubadilishe filta kila mara. Filta ya zamani juu ya oili mpya ni kuchafua oili uliyoinunua kwa fedha yako. Kagua kijiti kila wiki, gari likiwa sehemu iliyosawazika. Injini ya miaka 25 inaruhusiwa kupunguza oili kidogo. Inayoishiwa oili bila mwenyewe kujua ndiyo inayoshika na kukwama.

Breki zinakuwa laini nikishuka Kitonga. Nibadilishe pedi?

Pedi zikaguliwe, ndiyo, lakini ukisikia kanyagio linazama katikati ya mteremko, kwanza yafikirie mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani polepole. Aina yake imeandikwa kwenye chupa: DOT 3 mapya huchemka kuanzia digrii 205. Yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi kama 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi kama 155. Breki zinazoshikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu huvuka joto hilo, mafuta yanachemka, mapovu yanaingia kwenye bomba, na unakanyaga hewa. Ukisimama, yakipoa, kanyagio linarudi, na dereva anasema "breki zimepona". Hazijapona.

Badilisha mafuta yote ya breki kila baada ya miaka miwili. Ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga kinati cha kutolea upepo, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na sehemu ya mafuta. Hakikisha kikombe cha mafuta hayo hakikauki katikati ya kazi. Mafuta yakidondokea rangi, mwagia maji papo hapo, yanaibabua. Kama hujawahi kufanya kazi hii, mara ya kwanza ifanye mbele ya fundi.

Lakini mafuta mapya hayatamwokoa anayeshuka vibaya. Kitonga, Mlima Nyoka, Iwambi kushuka Mbalizi: ingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, ile ambayo ungepandia. Injini izuie gari, breki zipunguze tu kwa kukanyaga kwa nguvu kidogo na kuachia. Kwenye otomatiki, zima O/D (gia ya juu ya mwendo kasi), kisha shusha 2, na panapobidi L. Sauti ya injini ikipanda isikuogopeshe, mradi mshale wa mzunguko haujagusa nyekundu.

Na tafadhali, usiteremke kwa nyutro kwa kudhani unaokoa mafuta. Gari la EFI likiwa kwenye gia, mguu umeachia, kompyuta hukata petroli kabisa. Kwenye nyutro injini inahitaji petroli ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka nyutro anatumia mafuta zaidi, na amejinyima breki ya injini huku malori ya Tunduma yakiwa mbele na nyuma yake. Siwezi kulisema hili kwa upole: linaua.

Taiming belti yangu sijui ilibadilishwa lini. Nisubiri dalili?

Haina dalili ya kuaminika. Kama hakuna karatasi wala stika, ihesabu kuwa imeisha. Injini za Toyota za 4A, 5A, 7A, 3S, 1G, 4E na 5E zinatumia belti, na dizeli za 3L, 5L na 1HZ pia. Muda wake wa kawaida ni kilomita 100,000. Zile za 1NZ, 2NZ, 1ZZ na 1AZ zinatumia cheni, hizo haziko kwenye swali hili. Belti ikikatika kwenye dizeli, valvu zinagongana na pistoni na injini inafunguliwa. Petroli nyingine zinanusurika, nyingine hapana. Ukibadilisha, weka pamoja bering za kukazia, sili zinazovuja na wota pampu, maana kazi ya kufungua ni ileile. Hii mpe fundi unayemwamini, kisha uandike tarehe na kilomita kwenye stika chini ya boneti kwa ajili yako na atakayelinunua baadaye.

Gari lilikuwa na nguvu Dar es Salaam, nimelileta Njombe limechoka. Injini imeharibika njiani?

Kwenye mwinuko wa Njombe hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) inaweza kupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Hakuna spea ya kurudisha nguvu hiyo. Kwenye EFI kompyuta hupunguza petroli yenyewe. Gari la kabureta lililosetiwa pwani litakuwa linapewa petroli nyingi kuliko hewa: plagi nyeusi, harufu ya petroli, silensa nzito. Fundi wa kabureta wa hukuhuku alisete upya.

Kabla ya kuulaumu mlima, fungua filta ya hewa. Kiangazi kwenye barabara za udongo inajaa vumbi ndani ya wiki chache. Ipulizie upepo kutoka upande wa ndani kwenda nje, kwa nguvu ndogo, kisha itazame kwenye jua. Ukiona tundu au karatasi imechanika, itupe. Kuendesha bila filta ni kusaga silinda kwa mchanga.

Vioo vinajaa ukungu kwa ndani, hasa Isyonje na Tukuyu. Nifanyeje?

Washa hita pamoja na kiyoyozi, hewa iwe ya kutoka nje. Kiyoyozi kinakausha hewa, hita inapasha kioo. Safisha kioo kwa ndani, utando wa mafuta unashika unyevu. Angalia kama zulia la mbele limelowa: ikiwa majimaji hayo yana harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja. Kwenye ukungu tumia taa za chini, za juu zinakurudishia mwanga machoni.

Giaboksi ya otomatiki inakawia kuingiza D asubuhi.

Pima kiwango cha ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) gari likiwa limepata moto, injini inaunguruma, umepitisha lever kwenye kila gia na kurudi P. Iwe nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, giaboksi imeshaumia. Soma kijiti chake: kimeandikwa aina inayotakiwa, kama D-II au T-IV, na hiyo ndiyo uweke. Mwaga na kujaza kawaida. Usikubali isukumwe kwa mashine kwenye giaboksi ya zamani isiyojulikana historia yake.

Spea ya mtumba au mpya?

Taa, milango, vioo vya pembeni, stata, altaneta: mtumba kutoka Japani mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya kutupa. Pedi, breki shu, belti, mipira ya maji, boljointi na taerodi: mpya tu. Ukiagiza Kariakoo ipandishwe basi, tuma picha ya kipande cha zamani, namba iliyopo juu yake na namba ya chesisi. Jina la gari peke yake halitoshi, Corolla moja ina breki za aina zaidi ya moja. Tairi za mtumba zisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016.

Ninaweza kuingia uvunguni kwa kutumia jeki ya gari?

Hapana. Jeki ni ya kuinulia, si ya kubebea. Gari likishainuka, liweke juu ya stendi za chuma au vipande vya gogo gumu vilivyokatwa sawa, na Mufindi hatuna uhaba wa mbao. Tofali za kuchoma hupasuka bila onyo. Zuia magurudumu yaliyobaki chini, litikise gari kwa mkono, ndipo uingie. Mtu mwingine awepo karibu.

Oili chafu niipeleke wapi?

Isiende kwenye mfereji wala shimoni, maji ya mito yetu yanaogesha na kunywesha watu na mifugo huko chini. Ihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, ipeleke gereji inayokusanya. Wengine wanapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa. Ukifanya hivyo vaa glovu, na nguzo hizo zisiwe karibu na kisima au bustani ya mboga. Betri iliyokufa ina risasi na tindikali, iuze kwa mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima, isipasuliwe nyumbani wala watoto wasiichezee.